Sifuri si nafasi tupu

Tangu nilipostaafu huduma ya hali ya hewa, kazi ninayojitolea katika chama chetu cha wanasayansi ni kusaidia shule kupima mvua na kuingiza madaftari ya zamani kwenye kompyuta. Satelaiti hukadiria mvua kwa kutazama mawingu kutoka juu. Asipokuwepo mtu wa kupima chini, hatujui makadirio yamekosea kiasi gani.

Kipimamvua tulichozoea kina mdomo wa kipenyo cha milimita 127. Mdomo huo ukae sentimita 30 kutoka ardhini, bila kuinama, kwenye nyasi fupi. Juu ya saruji matone hugonga sakafu na kurukia ndani. Mti au ukuta uwe mbali angalau mara mbili ya kimo chake. Shule nyingi hukisogeza karibu na darasa kwa kuhofia wezi, na hapo jengo hukikinga na mvua inayokuja na upepo. Afadhali uzio wa waya uwanjani.

Kwa mdomo huo, milimita moja ya mvua ni mililita 12.7 za maji. Silinda ya kupimia, yenye alama za milimita, ikivunjika, watu huazima ya kipimo chenye mdomo wa milimita 203, ambacho milimita yake moja ni mililita 32.4. Mvua ya milimita 25 itasomeka chini ya 10, na hakuna atakayeshtuka. Ni heri kupima kwa silinda ya maabara, kisha kugawanya mililita kwa 12.7.

Masika yana shida yake. Silinda nyingi huishia milimita 10, hivyo mvua ya milimita 86.4 humiminwa mara tisa. Msomaji akipoteza hesabu, kosa huwa 10 kamili. Andika kila mmimino papo hapo, na chungulia kopo la nje, maana chupa ya ndani inayokusanya mvua ikijaa, maji hufurikia humo.

Lakini kinachoniuma zaidi ni sifuri. Sifuri maana yake mtu alikwenda saa tatu asubuhi, akafungua, akakuta pakavu. Asipokwenda, aache nafasi tupu na aandike sababu. Siku zinazokosekana mara nyingi ndizo za mvua kubwa: njia imekatika, au kipimo kimesombwa. Ukizijaza sifuri, umeyafuta mafuriko kwenye kumbukumbu, na mhandisi atakayejenga daraja kwa takwimu hizo atalijenga dogo. Angalia pia Jumatatu. Kituo ambacho Jumamosi na Jumapili ni sifuri mwaka mzima, huku Jumatatu zikiwa nzito, kilikuwa kinajumlisha siku tatu. Jumla ya mwezi inafaa. Takwimu za siku hizo hazifai.

Madaftari ya enzi ya Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki, kabla Jumuiya haijavunjika mwaka 1977, yana kurasa nyingi za inchi. Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo 1.20 iliyoandikwa bila kizio inaweza kuwa milimita 30.5. Linganisha na kituo jirani, kisha na jumla iliyoandikwa chini ya ukurasa. Namba ikigoma, iingize kama ilivyo na uiwekee alama. Usiisahihishe kwa kukisia, na picha ya ukurasa ihifadhiwe pamoja nayo ili mwingine aitazame upya.