Nilivyomwandalia babu meza ya marehemu nikiwa Oaxaca

Babu alifariki mwezi wa nne na mimi niko huku Mexico, nauli ya kurudi Bukoba sikuipata, mazishi nikayaangalia kwenye simu mtandao unakatakata, mara naona migomba mara naona mgongo wa mtu. Toka siku hiyo nikawa kama nina deni kwake.

Mwezi wa kumi unaisha, mama mwenye nyumba wangu akaniuliza, na wewe wako umemwandalia nini? Nikamwambia kwetu hatuna hiyo. Akasikitika kabisa, akasema sasa akija si atakuta meza tupu? Maana wao Novemba 1 na 2 wanasema marehemu wanarudi nyumbani kusalimia, watoto wanatangulia halafu wakubwa, na kitu cha kwanza unamwekea glasi ya maji kwa sababu katoka mbali ana kiu. Hiyo ya kiu ndo ilinimaliza.

Basi tukaenda soko la Central de Abasto. Maua ya cempasúchil, yale ya rangi ya chungwa, yamerundikwa kama majani ya ng'ombe na harufu yake kali ndo inamwonyesha marehemu njia, tukabeba mafungu mawili, miwa mirefu ya kufanyia tao juu ya meza, mishumaa, chumvi, copal ambayo inafukizwa kwenye makaa kama ubani, na mkate wa mayai uliobandikwa kasura kadogo, pan de muerto. Wenyeji wanaongeza mole negro, mchuzi wao mzito mweusi wa pilipili na viungo, na chokoleti. Mi nikawaza babu na mole wapi na wapi, nikapika ndizi mbichi na maharage, na kwa vile rubisi, pombe yetu ya ndizi, huku haipo nikamwekea mezcal, pombe kali ya huku, kidogo kwenye kikombe.

Sasa wakati tunatoka nikakuta wamama wamekaa na vikapu vya chapulines, panzi waliokaangwa na chumvi, vitunguu saumu na ndimu. Jamani! Nilisimama pale. Babu na senene, wale panzi wetu wa kula kule Bukoba, Novemba ndo msimu wenyewe, alikuwa hamgawii mtu. Sio senene kabisa, hawa ni wadogo wakavu, ila nikachukua kopo zima wasio na pilipili.

Picha nilikuwa nayo moja tu, ya pasipoti saizi, binamu akaipiga akanitumia wasapu nikaprinti kubwa, ikatoka na ukungu lakini ni yeye.

Shangazi aliposikia akanipigia, mwanangu umeanza mizimu? Nikamwambia shikamoo shangazi, Novemba 2 si hata parokiani tunawaombea marehemu wote? Huku wameichanganya na mila zao za kabla Wahispania hawajafika, na watu hawalii tu, usiku wa tarehe 31 nilienda makaburini Xoxocotlán familia zimekaa juu ya makaburi na mishumaa, wanakula, wanapiga stori, watoto wamelala kwenye mablanketi. Hakuridhika sana, nilimwelewa.

Mama yeye nilimpigia videokoli usiku wa tarehe 1. Akanyamaza muda, halafu akasema nigeuzie simu kwake. Nikaiegemeza kwenye glasi ya maji. Akamwita Tata, yaani baba, akaanza kumwongelesha Kihaya, nikatoka nje nikawaacha.

Tarehe 3 tukatoa vyombo, chakula tukawapelekea majirani. Wale panzi mama kasema nimkaushie, nikija niende nao mpaka kaburini.