Jinsi nilivyoifuatilia The Tarbolton, rili ya fidla ya Ireland, mpaka nikajua ilikotoka

Mimi napiga fidla, nimekulia kwenye taarab Unguja na sasa naishi Dublin, na kuna rili moja huku inaitwa The Tarbolton ilinikaa kichwani mpaka nikaamua lazima nijue imetoka wapi. Hizi ni nyimbo za kuchezea, hazina maneno, zinaenda mbio, na watu wanazipiga jioni baa wamekaa duara bila karatasi, mmoja anaanza wengine wanadandia. Sasa utaanzia wapi kutafuta historia ya kitu kama hicho?

Mimi nilianzia kwenye mpangilio. Niligundua kila nikienda, The Tarbolton ikiisha tu wanaingia The Longford Collector halafu wanamalizia na The Sailor's Bonnet, hizo tatu, kwa mfuatano uleule, na watu wenyewe hata hawajuani. Nikasema hapana, hapa kuna mtu mmoja amewafundisha wote. Nikamuuliza mzee mmoja mpiga filimbi, akanijibu kwa jina moja tu, Coleman.

Michael Coleman alizaliwa mwaka 1891 kijijini karibu na Killavil, kaunti ya Sligo, na mwaka 1914 akahamia Marekani, New York. Huko ndo akaanza kurekodi santuri miaka ya 1920, na zile rili tatu alizirekodi kampuni ya Decca mwaka 1934, zote upande mmoja wa sahani ya mizunguko 78 kwa dakika, yaani muziki wa dakika kama tatu hivi. Santuri zikapanda meli zikarudi Ireland, watu wakaweka gramafoni jikoni wakaziiga kila kitu mpaka mpangilio. Nikakumbuka kwetu, Siti binti Saad naye mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi, sauti yake ikarudi Unguja ndani ya sahani, na ni miaka hiyohiyo.

Basi nikaenda kwenye hifadhi ya muziki wa asili wa Ireland, iko hapahapa Dublin, Merrion Square, ipo tangu 1987 na mtu yeyote anaingia bure. Nikaomba kusikiliza rekodi yenyewe. Jamani, nyie mnaopiga fidla itafuteni! Ile ya kwanza iko kwenye ufunguo wa E, yaani noti ambayo wimbo unaikalia, nayo ina huzuni kidogo, halafu anaruka kwenda G na mlango unafunguka, halafu D, na hapo hata ambaye hachezi atatikisa mguu.

Nikaipunguza spidi kwenye simu ili nisikie vidole, na huku ndo nilikaa sana. Kuna pambo lao wanaliita roli: unashika noti, kidole cha juu kinagusa, unarudi kwenye noti, kidole cha chini kinagusa, unarudi tena, sauti tano ndani ya pumzi moja ya upinde, ule mti wa kusugulia nyuzi. Zile za kugusa hazitakiwi zisikike kama noti kabisa, ni kama kukata tu. Sisi kwenye taarab tunaivuta noti, tunaiteleza, hawa wanaikata, kwa hiyo ilibidi mkono wangu wa kushoto ujifunze upya kuwa mwepesi, nikawa nafanya kwa uzi mmoja polepole kabla sijagusa rili yenyewe.

Kilichonishangaza zaidi ni jina. Tarbolton sio Ireland hata kidogo, ni kijiji cha Scotland, Ayrshire, na Waskoti wenyewe hiyo rili wanaiita Tarbolton Lodge. Kijiji hichohicho ndo mshairi Robert Burns alijiunga na Wamasoni (Freemasons, chama cha udugu chenye siri zake) mwaka 1781, na tawi lao wanaliita lodge, kwa hiyo mimi naamini hiyo lodge ya kwenye jina ni ya Wamasoni. Kwa hiyo rili imezaliwa Scotland, ikavuka bahari ikaingia Ireland, ikaenda New York na mhamiaji, ikarudi Ireland kwa santuri, na iliporudi ilikuwa ya Sligo kabisa kwa ule upinde na zile roli. Watu wanabishana ni ya nani, mimi nasema Scotland ilitoa wimbo na Coleman akatoa namna ya kuupiga, na hii ya pili ndo inayopigwa mpaka leo.

Coleman alifariki New York mwaka 1945. Kwao Sligo, mji mdogo wa Gurteen, kuna kituo cha muziki chenye jina lake, ukifika Ireland usiishie Dublin. Anayetaka kujifunza aanze na rekodi ya 1934 kabla ya karatasi yoyote, maana kwenye karatasi zile roli utaona alama tu juu ya noti, upinde unaendaje haikwambii.