Maji ya ukuta na maji yangu

Baibui langu la Idi ndilo lililonifungua macho. Nililitoa kabatini wiki moja baada ya masika kushika, nikakuta bega zima limeota koga, rangi ya majani mabichi, laini kama unga wa dengu. Chini yake doti ya kanga ambayo hata sijaikata imeshaingia kawa, yale madoa meusi madogo madogo ambayo ukifua mara kumi yanakuangalia tu. Viatu vya ngozi usiniulize.

Nakaa Kiponda, Mji Mkongwe, chumba na ukumbi cha chini. Mlango unaangalia kichochoro ambacho jua hukipitia saa sita mchana, robo saa, likenda zake. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene dhiraa moja na ziada. Dalali aliponionyesha chumba, ukuta ulikuwa umepakwa rangi ya mafuta, krimu, unang'aa kama sahani. Rangi mbichi, tena hadi kiunoni tu. Siku hizi nikiona chumba cha chini kimepakwa hivyo nauliza kwa nini kabla sijauliza kodi.

Masika ya kwanza ile rangi ikaanza kufura malengelenge. Ukibonyeza moja linapasuka, ndani mna majimaji na unga mweupe. Niliuonja. Ndiyo, niliuonja ukuta wa watu. Chumvi tupu.

Mwenye nyumba anakaa juu, bibi wa makamo ya mama yangu mkubwa, na kila nikimpandia ananipokea kwa chai. "Shikamoo bibi, ukuta umeanza tena." "Marahaba mwanangu. Nyumba za mawe ndivyo zilivyo, zinatoa jasho." Kisha anamtuma mpwa wake na kopo la rangi. Mwaka wa kwanza rangi, mwaka wa pili rangi. Nilipogomba, mpwa akanisomea khutba kuwa Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000, si ruhusa kugusa kitu ovyo. Mwaka wa tatu akaja na mfuko wa saruji. Saruji, kumbe, ruhusa ilikuwepo.

Akapiga lipu hadi kiunoni, safi, nikashukuru. Haikufika miezi minne unyevu ukatokea juu ya lipu, usawa wa mto wangu wa kulalia.

Mimi nami nilikuwa na tiba zangu. Nilifukiza udi nguo mpaka jirani akaniuliza naoza mwali gani. Udi haukaushi kitu. Ulinipa baibui lenye koga lenye kunukia. Siku nyingine nikasikia siki inaua kuvu, na dawa ya kufanyia nguo nyeupe nayo inaua kuvu, nikaona nichanganye vyote ndoo moja, nyumba imefungwa. Wallahi nilitoka mbio hadi barazani, macho yanatiririka, kifua kinawaka. Vitu viwili hivyo vikikutana hutoa gesi ya klorini, sumu khasa. Msijaribu. Na hata hiyo dawa peke yake iliufanya ukuta mweupe wiki tatu tu, doa likarudi pale pale.

Aliyenielewesha ni mzee mmoja fundi wa chokaa, aliyekuwa akitengeneza baraza ya nyumba ya pili. Nilimwomba aingie atazame. Akagonga lipu kwa kifundo cha kidole, ikalia tupu. "Mmemziba pumzi," akasema. Nyumba hizi, akanieleza, hazina kizuizi cha maji kati ya msingi na ukuta. Ukuta unanyonya maji ya ardhini kama utambi, na chumvi ndani yake. Chokaa huyaacha yatoke na kukauka. Ukiuvisha saruji na rangi ya mafuta, maji hayana pa kutokea, basi hupanda hadi yapate mlango. Mlango wenyewe ukawa mto wangu.

Lakini alipofika nyuma ya kabati akanyamaza. Akaniambia nikate mifuko miwili ya nailoni, niibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, mmoja chini kwenye lipu, mmoja juu nyuma ya kabati, niiache siku mbili.

Wa chini ulijaa matone kwa ndani, upande wa ukuta. Nikafurahi: nimepata ushahidi wa kumpelekea bibi. Nikasogeza kabati kutazama wa juu. Ndani mkavu kabisa. Nje, upande wa chumbani, umelowa.

Maana yake maji hayo hayakutoka ukutani. Yalikuwa ya chumba, yaani yangu. Napika wali mlango umefungwa kwa sababu ya paka. Mvua ikinyesha naanika nguo kwenye kamba ndani. Usiku nafunga madirisha kwa mbu. Mvuke wote huo unatafuta pahala pa baridi pa kukaa, na hakuna baridi kama ukuta wa mawe uliofichwa nyuma ya kabati. Baibui langu nililiozesha mwenyewe, na miaka mitatu nilikuwa nikimnunia bibi wa watu.

Nilimpandia na nailoni zote mbili. Sikuficha ile ya pili, ingawa nilitamani. Akacheka sana. Tukakubaliana: lipu itoke, gharama nusu kwa nusu, yangu ikatwe kwenye kodi. Kabati sasa liko mbali na ukuta kiganja kizima, dirisha limepata wavu, na paka anakula mezani na mimi, nifanyeje.

Fundi ameng'oa saruji yote na hajapaka kitu. Anasema ukuta ukauke kwanza hadi kaskazi ivume, ndipo aje na chokaa iliyozimwa kwa maji ikalala shimoni. Kwa hiyo nalala na mawe matupu, mengine bado yana michoro ya matumbawe, na asubuhi nafagia chumvi na mchanga. Wageni wananionea huruma. Nguo naanika darini kwa bibi, na jua likichomoza tu namsikia kule juu: "We mwanangu! Leta matambara yako kabla wingu halijarudi!"