Dirishani Portage

Leo tumetoka Anchorage asubuhi, tukaifuata barabara ya kwenda Seward. Bahari kulia, milima kushoto. Kila kona namwambia baba watoto, "Simama kidogo!"

Tukafika kituo cha wageni cha Begich, Boggs, kando ya ziwa Portage, Alaska. Kilifunguliwa 1986, kikawekewa madirisha makubwa ili watu wautazame mto wa barafu ng'ambo ya ziwa.

Nikasimama dirishani.

Maji tu.

Barafu imeyeyuka, imerudi nyuma hadi imefichwa na mlima. Kuiona siku hizi, wengi hupanda boti.

Mwanangu akaniuliza, "Mama, imeenda wapi?"

Nikaukumbuka Mlima Kilimanjaro, nilivyouona uani kwetu Moshi nikiwa mdogo.

Mlio nyumbani, leo umefunguka? Nitumieni picha, tafadhali.