DNA haijibu kila kitu kwenye kesi ya ubakaji

Kuna jambo linaniuma sana kila watu wakijadili kesi za ubakaji, yaani majibu ya DNA yakitoka hayana kitu basi tayari utasikia "si tulisema, anamsingizia tu". Jamani hapana. DNA inajibu swali moja tu, hizi chembechembe ni za nani. Mtuhumiwa akikubali kwamba walilala pamoja ila akadai waliridhiana, hapo DNA haina la kusema kabisa. Na kama alivaa kondomu, au siku zimepita, maabara inaweza isikute chochote na mtu kabakwa kweli.

Maana ushahidi huu hausubiri. Sehemu nyingi wanataka sampuli zichukuliwe ndani ya saa 72, kwingine wanapokea mpaka siku 5, lakini kila saa inayopita unazidi kupungua. Na mtu akishatendewa unyama ule kitu cha kwanza anachotaka ni kuoga ajisugue mwili mzima, nani wa kumlaumu? Kwa hiyo akikukimbilia wewe mwambie kwa upole asioge kwanza, nguo zisifuliwe wala kutupwa, na kama ameshazivua kila moja iwekwe kwenye mfuko wake wa karatasi, sio wa plastiki, plastiki inafungia unyevu, ukungu unaota na DNA inaharibika. Ameshaoga? Aende hospitali hivyohivyo, kwenye nguo au chini ya kucha bado panaweza kuwa na kitu, halafu kuna dawa za kuzuia HIV na zenyewe zinatakiwa zianze ndani ya saa 72.

Baada ya hapo kila anayeshika zile sampuli lazima aandikwe, nani kachukua, nani kapokea, lini, vinginevyo wakili wa utetezi atauliza hilo tu na kesi inayumba.

Ila kinachonikasirisha zaidi ni sampuli kuchukuliwa halafu zisipimwe. Mwaka 2009 kule Detroit, Marekani, kwenye ghala la polisi zilikutwa boksi zaidi ya 11,000 za vipimo vya ubakaji zimelala tu, nyingine miaka na miaka. Fikiria kila boksi ni mtu aliyekubali kuvuliwa na kupekuliwa mwili mzima siku mbaya kuliko zote maishani mwake. Zilipokuja kupimwa wakapatikana mamia ya wanaoshukiwa kubaka zaidi ya mara moja.