Vitamini D yangu ilikuwa 11, na jua la Bombo tunalo

Nimechoka kuambiwa, "Uganda jua tele, vitamini D ya kununua ya nini?" Ushauri huo ulinigharimu miezi mitatu ya maumivu.

Nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza unene India, ule wa kubakiziwa kijifuko cha tumbo na chakula kuruka mwanzo wa utumbo mwembamba. Kilo zikashuka. Miezi minane baadaye miundi ikaanza kuuma ndani kabisa ya mfupa. Kuinuka kutoka sijda nikawa nashika ukuta. Damu ikapimwa: nanogramu 11 kwa mililita. Chini ya 20 ni upungufu.

"Mwanangu, jua la Mungu ni bure, kaa nje," shangazi akasema. Nikamtii. Kila siku saa sita mchana nilitandika mkeka kati ya kamba ya nguo na banda la kuku, nikakunja mikono ya gauni hadi viwikoni, nikakaa mpaka jasho likachora mkeka. Kuku walinizoea wakawa wanalala kivulini mwangu. Jirani naye akaleta supu ya mulokoni, yaani ya kwato za ng'ombe, eti mifupa hujenga mifupa. Mafuta yake yaliniangusha kitandani siku nzima. Nilipopima tena: 13! Ngozi nyeusi huhitaji jua la muda mrefu zaidi, nami nilianika mikono na uso tu.

Na kalisiamu niliyokuwa nikimeza ilikuwa ya kabonati, ya bei rahisi, ambayo huhitaji asidi ya tumbo. Kijifuko changu hakina asidi ya kutosha. Tena niliimeza pamoja na vidonge vya kuongeza damu, na kalisiamu huvizuia visiingie mwilini vizuri.

Daktari mmoja Kampala ndiye aliyenisikiliza. Akapima hata ile homoni ya tezi ndogo za shingoni inayochota kalisiamu mifupani, ilikuwa juu. Akaniandikia vitamini D yuniti 50,000 kwa wiki, wiki nane, kisha 3,000 kila siku, na kalisiamu ya sitreti. Sitreti niliisaka maduka manne. Kwa mwezi natumia laki na kitu.

Vidonge vikawa vingi, nikasahau, mpaka nilipovifunga kwenye swala, na hili ninajivunia. Baada ya Alfajiri, vya damu kwa maji ya ndimu, na chai siigusi mpaka yapite masaa mawili. Adhuhuri, vitamini D katikati ya chakula na nusu parachichi, kwa sababu bila mafuta haiingii mwilini vizuri, pamoja na kalisiamu miligramu 500. Alasiri 500, Isha 500. Usizimeze zote kwa mpigo, mwili hauzipokei. Adhana haijawahi kunipita.

Sasa vitamini D yangu ni 36, na ile homoni imeshuka. Ukuta siushiki tena. Kipimo kingine ni mwezi wa sita, pesa yake nimeshaitenga.