Tundu lililokaa milimita 900 pembeni: jinsi tulivyounganisha programu zetu za ujenzi

Siku tulipofungua mbao za slabu ya ghorofa ya tatu, fundi bomba alisimama chini yake akatazama juu, akautazama mchoro aliokuwa nao mkononi, kisha akatazama juu tena. Akaniita. "Injinia, tundu langu liko wapi?"

Tundu lilikuwepo, la milimita 400 kwa 600, kingo zake zimenyooka. Ila lilikaa milimita 900 mbali na pale mchoro wake ulipoonyesha. Yeye alikuwa na toleo P04. Mafundi wa nondo na wa zege walikuwa wamefanyia kazi P03, toleo la kabla yake. Tukamwita mhandisi wa miundo akapiga hesabu upya, tukaliziba lile tundu, tukakata jingine kwa msumeno wa almasi katika zege la wiki mbili, tukipita katikati ya nondo zilizofungwa kwa uangalifu mkubwa. Iliniuma sana, kwa sababu waliofanya kazi ile waliifanya vizuri. Walichokosa ni karatasi sahihi.

Watu walitaka kujua nani wa kulaumiwa. Mimi nikaomba siku mbili nifuatilie safari ya mabadiliko yale, hatua kwa hatua. Msanifu aliyafanya kwenye programu yake ya kuchorea, akatoa nakala ya PDF na kuiweka kwenye folda ya ofisi yao. Msaidizi wake akamwandikia barua pepe mratibu wetu. Mratibu akaingiza namba ya toleo kwenye lahajedwali letu la orodha ya michoro, akahifadhi faili kwenye seva, na kesho yake akaanza likizo yake halali. Mtu mwingine akatuma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la saiti, ukafunikwa na picha za maendeleo ya kazi kabla ya saa sita mchana. Fundi bomba alipata P04 kwa sababu moja tu: msanifu alimtumia moja kwa moja.

Kati ya mchoro kubadilika na zege kumwagwa zilipita siku 11. Katika siku hizo taarifa ilipita mikono sita na programu nne, ikaandikwa upya kwa mkono mara tatu, na haikumfikia msimamizi wa zege, ambaye ndiye aliyeihitaji kuliko wote.

Programu hatukuwa na uhaba nazo. Kulikuwa na ya michoro, ya ratiba, ya kupimia kiasi cha kazi, ya uhasibu, ya picha za ukaguzi, malahajedwali yasiyohesabika, na daftari la stoo. Kila moja ilifanya kazi yake sawasawa. Tatizo lilikuwa kwenye nafasi kati ya moja na nyingine. Hapo palikuwa na binadamu aliyeketi na kinanda, anasoma upande huu na kuandika upande ule. Akiumwa, akichoka au akisafiri, daraja limekatika.

Hatua yetu ya kwanza haikufaulu, na naieleza kwa sababu naona wengi wakiingia njia hiyohiyo. Tulinunua mfumo mmoja mkubwa ulioahidi kufanya kila kitu, na mimi ndiye niliyeupigia debe. Baada ya miezi mitatu, mkadiriaji majenzi, yaani mpimaji wa kiasi cha kazi, bado alipima kwa programu yake ya zamani, kwa kuwa ile ya ndani ya mfumo mpya haikumpa alichohitaji. Mhasibu hakuweza kuacha vitabu vyake katikati ya mwaka wa hesabu. Kila mmoja akawa anamaliza kazi yake kwenye programu yake, halafu jioni anaiandika upya kwenye mfumo mpya. Tulikuwa tumeongeza daraja jingine la kubebwa mgongoni.

Mara ya pili tulianza bila kompyuta. Tulibandika karatasi ndefu ukutani, tukachagua kazi moja tu, kumwaga zege la nguzo, na kuandika kila taarifa inayohitajika toka mwanzo hadi malipo: mchoro, orodha ya nondo, ombi la kumwaga, ukaguzi wa nondo na mbao, idhini, hati ya gari la zege, kipimo cha ulaini wa zege kwa koni ya milimita 300, vipande vya kupimia nguvu vinavyovunjwa siku ya 7 na ya 28, kipimo cha kazi, hati ya malipo. Mbele ya kila taarifa tukauliza: nani anaizaa, inaishi wapi, nani anaihitaji? Tukakubaliana kwamba kila taarifa itazaliwa mahali pamoja na kurekebishwa hapohapo. Kwingine kote itasomwa tu.

Hapo ndipo tulipoliona jambo ambalo hakuna muuzaji wa programu aliyewahi kututajia. Nguzo moja ilikuwa na majina manne. Kwenye michoro iliitwa C14. Kwenye lahajedwali la vipimo ilikuwa "Nguzo 14 gh.2". Maabara iliandika "col 14/2nd", na stoo waliita "ile ya kona ya ngazi". Kwa binadamu hayo yote ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni vitu vinne visivyojuana, na hakuna kiunganishi chochote duniani kitakachovikutanisha. Watatu wetu tulikaa wiki tatu tukipanga majina: jengo, ghorofa, aina ya kiungo (nguzo, boriti, slabu), namba. Ni kazi ya kuchosha, haina cha kumwonyesha bosi, na kama ningeambiwa nifanye jambo moja tu katika safari hii yote ningefanya hilo.

Mvutano mkubwa ulikuwa na mkadiriaji majenzi wetu, dada makini kuliko watu wengi niliofanya nao kazi. Alikataa katakata watu waone vipimo vyake. "Ukiona namba yangu ya Jumanne utaichukua kama ya mwisho, na mimi sijamaliza kuhakiki. Kesho utaniletea mkandarasi mdogo anadai hela." Mwanzoni nilidhani anaficha. Nilipotulia nikaona ana haki kabisa. Taarifa ambayo bado inapikwa haipaswi kukaa meza moja na iliyoiva.

Suluhisho lake lilikuwa limeshaandikwa. Kiwango cha kimataifa ISO 19650, ambacho sehemu zake mbili za kwanza zilitolewa mwaka 2018, kinagawa taarifa za mradi katika hali nne: inayoendelea kufanyiwa kazi, iliyoshirikishwa kwa wenzako, iliyochapishwa kwa ajili ya kutumika, na iliyowekwa kwenye kumbukumbu. Tulikuwa tumekisoma kama mambo ya wasanifu na michoro yao. Tulipokitumia kwenye vipimo, ratiba na hata orodha za stoo, dada yule akafungua mlango. Vipimo vyake vya Jumanne vikabaki chumbani kwake hadi yeye mwenyewe avisogeze. Ukisogeza, jina lako na saa vinabaki pale. Hakuna tena "nilidhani ni ya mwisho".

Kwa michoro yenyewe tuliacha kila mshauri abaki na programu anayoipenda, tukaomba kitu kimoja: mfano wa jengo uliochorwa kwenye kompyuta utolewe kwa muundo wa faili uitwao IFC, ulio wazi na usio mali ya kampuni yoyote ya programu. Umekuwa kiwango cha kimataifa, ISO 16739, tangu 2013. Msanifu anachora kwake, mhandisi wa miundo kwake, wa mabomba kwake, halafu mifano mitatu inapandishwa mmoja juu ya mwingine. Bomba likipita ndani ya boriti, linaonekana kabla hatujakata ubao hata mmoja. Hoja kuhusu migongano kama hiyo tunazipeleka kwa muundo mwingine wa faili, BCF, ambao unabeba maelezo pamoja na mahali pa kuangalia ndani ya mfano, kwa hiyo mhandisi akifungua anatua palepale penye mgongano bila kusoma barua ya kurasa mbili.

Saiti ndiko nilikojifunza zaidi. Fomu yetu ya kwanza ya ukaguzi kwenye simu ilikuwa na nafasi 34 za kujaza. Mzee anayesimamia zege, mtu wa miaka mingi kazini, aliishika simu, akaivuta chini, akaivuta tena, akanirudishia. "Injinia, gari la zege likifika, linasubiri haya yote?" Zege halisubiri. Tukakaa naye, tukafuta kila kitu ambacho mfumo unaweza kukijua wenyewe: tarehe, saa, jina la anayejaza, toleo la mchoro. Zikabaki nafasi tisa na picha mbili. Tukabandika msimbo wa QR kwenye mbao za kila nguzo, ukiuelekezea kamera unafungua nguzo ileile na si nyingine. Na tukahakikisha inajazwa bila intaneti, kwa sababu chini ya ghorofa ya kwanza mtandao hupotea. Simu inahifadhi, ikipanda juu inatuma.

Stoo nilitaka kulitoa daftari. Mama mtunza stoo akanionyesha safu moja aliyokuwa akijaza mwenyewe bila kuagizwa na mtu: kila bando la nondo linakwenda nguzo ipi. Mfumo wetu ulijua zimetoka ngapi, haukujua zimekwenda wapi. Safu ile ndiyo iliyotuwezesha kulinganisha nondo zilizochorwa na zilizotumika kweli. Tuliiingiza kwenye mfumo kama alivyoipanga yeye, na daftari lilibaki kando kwa miezi miwili hadi yeye mwenyewe aliposema halihitajiki.

Kuunganisha programu zenyewe kulikuja mwisho, na kwa kweli ndiyo sehemu iliyokwenda haraka. Nyingi zina mlango wa kubadilishana data, na kijana mmoja wa programu alitumaliza kazi hiyo kwa wiki chache kwa sababu majina yalikuwa yameshanyooka. Ukaguzi ukiidhinishwa, kipimo kinaamka kwa mkadiriaji. Akikihakiki, kinakwenda kwenye rasimu ya hati ya malipo. Matokeo ya maabara ya siku ya 28 yakiwa chini ya kiwango, nguzo husika inasimamishwa pote, hadi kwa mhasibu, mpaka mhandisi wa miundo aamue. Wakandarasi wadogo waliokuwa wakisubiri hati zao kwa karibu wiki tatu sasa wanazipata ndani ya siku sita. Kwangu hilo lina uzito kuliko grafu zozote, maana nyuma ya hati moja kuna vibarua wengi wanaosubiri.

Niliposhawishi uongozi utupe muda wa kazi hii, nilikwenda na makadirio ya taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, NIST. Mwaka 2004 ilieleza kwamba programu kutosomana katika ujenzi wa majengo na mitambo mikubwa nchini humo kuligharimu dola bilioni 15.8 kwa mwaka, na karibu theluthi mbili ya hasara hiyo iliwaangukia wamiliki na waendeshaji, yaani watu wanaobaki na jengo baada yetu kuondoka. Wakatikisa vichwa kwa heshima. Kilichowafanya wasaini ni karatasi yangu ya ile safari ya siku 11, yenye tundu moja ndani yake. Anayetaka kuanza, ningemwambia achague kosa moja la kwake na kulifuata hivyo.

Kuna mahali hatujafika. Ratiba tumeiacha peke yake kwa makusudi, kwa sababu bado tunaipanga kwa maeneo ya jengo wakati taarifa nyingine zote zinafuata kiungo kimojakimoja, na kuzilazimisha zikutane sasa kungetuletea namba zinazodanganya. Mkandarasi mdogo wa umeme naye ana watu wanne na simu moja janja. Orodha yake ya vifaa inakuja kama picha ya karatasi. Kila Ijumaa nakaa naye nusu saa, tunaingiza pamoja, na ninamwachia yeye abonyeze kitufe cha kuwasilisha. Wiki iliyopita alifika akiwa ameshapanga nyaya zake zote kwa majina yetu ya ghorofa.